Formasio ya antretie pale Bel-Air: dola 35, siku tatu, na video moya yenye ilinitosha haya

Bandugu ba Lubumbashi, kuko bantu bengi bananiuliza mu mesaji juu ya ile formasio ya antretie ya kazi (yale maulizo banakuuliza mbele ya kukupatia kazi) nilifanyaka pale Bel-Air mu mwezi wa tatu, eti iko muzuri ao ni kula feza ya bantu tu. Nimechoka kurudilia kitu kimoya kila siku, naandika hapa mara moya. Jina ya ile santre sitaitaja, sababu kuko bintu nitailaumu na sitaki bakuje kunitafuta ku nyumba, lakini benye kukaa upande ule bataelewa.

Mujue kwanza mimi ni nani. Mimi ni magazinie, mutu wa kuchunga bintu mu depo. Nimekaa mu depo miaka tisa ku sosiete moya ya sutretansi yenye kupelekea bamine bintu: kofia za kazi, gan za mikono, bote, mafuta ya mashine, mikanda. Kontra ikaisha, nikaingia mu kutafuta. Antretie ine mu miezi saba, zote ine zikaishia ku "tutakuita", na mpaka leo naandika hii hakuna telefone yenye ililia. Na si kusema sijue kazi, ukiniamsha saa nane ya usiku nitakuambia gan za kuchomelea ziko mu rafu gani. Lakini kila mara nilikuwa natoka mule mu biro najisikia sawa mutu mwenye amesahau kitu mule ndani na hajue ni kitu gani.

Shemeji yangu njo alinisukuma. Dola 35, kuanzia kazi ine mpaka siku ya posho.

Fasi yenyewe ni kachumba kamoya juu ya duka ya simenti, biti bya plastiki, bantu 14. Banasema kuanza saa mbili na nusu, tulianza saa ine, sababu umeme ilikatika na jenereta ya jirani ikaanza kulia palepale ku dirisha, mama mwenye kufundisha alikuwa anapandisha sauti mpaka mishipa ya shingo inaonekana. Mukienda mukae upande wa mulango.

Sasa ule mama. Tulikuwa tunamuita mama tu, na yeye alikuwa anatuita papa na mama, ata bale batoto benye bametoka jana ku UNILU, univesite ya hapa. Alifanyaka miaka mingi mu biro ya personeli ya kampani moya kubwa, kwa hiyo ye alikaa upande ingine ya meza, anajua kule banaonaka nini. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alitia telefone juu ya bitabu, akasema kila mutu aingie sawa ni antretie ya kweli, asalimie, akae, ajibu maulizo tatu: jitambulishe, tuambie shida moya ulimaliza ku kazi, sababu gani tukuchukue wewe. Dakika tano tano. Mimi nikatoka mule nafikiri nimefanya muzuri.

Kiisha akaweka video ku televizio na akazima sauti. Akaonyesha paka sekunde makumi tatu ya kila mutu, akagawa tukaratasi, tuandike jina moya ya mutu mwenye tungemupatia kazi. Kulikuwa kijana moya, nitamuita Mukubwa sababu njo vile alikuwa anatembea, kostimu ya kijivu, kravati nyekundu, anapana mukono sawa anafungua shantie. Alipata kura 9 juu ya 14. Mimi nikapata sifuri. Ata mimi mwenyewe sikujipigia.

Niwaambie nilijiona namna gani mule mu video, sababu ile njo ninalipia dola 35 na singelipia ingine. Naingia nimeinama kidogo. Mukono ya kuume natoa, ya kushoto imeshika kiwiko, sawa vile tunasalimiaka bakubwa. Macho chini. Nakaa ku kipande ya mbele ya kiti, nusu ya mwili iko mu hewa, sawa mutu mwenye anangojea bamufukuze. Dosie nimeikumbatia ku kifua sawa mutoto mu mvua. Na nikianza kujibu, naangalia meza. Dakika muzima naangalia meza. Mama akasimamisha video palepale, akanigeukia na upole tu:

"Papa, uko unasemesha meza?"

Bantu bakacheka, nami nikacheka, lakini ilinichoma. Nikamujibu, "Mama, ile ni heshima." Mimi nilikomalia Katuba, na kwetu mutoto mwenye kukazia mukubwa macho alikuwa anapigwa kofi mbele ya kuulizwa. Baba yangu akiniita, nilikuwa naangalia bidole ya miguu yake, najua kucha zake kuliko uso. Miaka makumi tatu na nane nimeishi vile na hakuna mutu alinilaumu, mu kanisa banasema niko mutu wa kujishusha. Mama akasema najua, papa, na mimi nilikomala vilevile, lakini ule mwenye kukaa pale hakukomala na wewe. Ye anaona mutu mwenye anaficha macho. Na wewe unaomba kazi gani?

Magazinie.

Bandugu, ile njo ilinimaliza. Mutu wa funguo! Nani atamupatia mutu funguo ya depo yenye bintu bya maelfu ya dola, na ule mutu anaangalia chini sawa ameiba asubui? Antretie ine nilikuwa naingia na heshima yangu yote, na kumbe kule ngambo ya meza banaisoma uoga, ao mubaya zaidi, banaisoma wizi. Nilikuwa nafikiri bananikatalia sababu sina kaka mukubwa mule ndani (bon, pengine ile nayo, tunajuana).

Dawa alitupatia haikuwa ya kukodolea bantu macho, ata ile inaudhi. Alisema: mutu akiwa anakuuliza, muangalie yeye, kati ya macho kama macho yenyewe yanakushinda. Ukijibu anza na ule aliuliza, pitia kwa bengine, ukitaka kufikiri unaweza angalia chini, hakuna mutu atakufa, lakini neno ya mwisho ya jibu yako umupatie mutu, usiipatie meza. Tulifanya ile zoezi saa mbili, paka kumaliza sentensi mu uso ya mutu. Inaonekana ya kitoto. Jaribu na shefu wako kesho utaniambia.

Na kusalimia na kiwiko? Alisema ufanye kama mukubwa mwenyewe ni wa hapa na inakutoka mu roho, lakini ufanye mara moya ku mulango, kiisha ukae sawa mutu wa kazi, mugongo inagusa kiti.

Ile mambo ya kuzima sauti alisema si yeye aliivumbua. Mu 1993 kule Marekani, Nalini Ambady na Robert Rosenthal balionyesha bantu video bila sauti ya baalimu ba univesite bako mu kufundisha, sekunde 30, kiisha 15, kiisha paka 6, na baliona note zenye bale bantu balipatia baalimu zinakaribia sana zile za banafunzi benye balikaa na ule mwalimu semestre muzima. Sekunde sita! Mimi mu sekunde sita ningekuwa bado nafunga mulango.

Lakini ule mama ni mujanja, hakuishia pale. Kiisha ya kula mikate na chai, alirudisha bilebile bivideo, sasa na sauti na muzima, tukapiga kura tena. Mukubwa akaanguka kutoka 9 mpaka 4. Sababu? Ulizo ya shida moya ulimaliza ku kazi, alijibu eti ye ni mutu wa masulisio, ye anapenda challenge, ye anatumikaka na presha, dakika tatu za maneno na shida yenyewe hatukuiona, na telefone yake ikalia katikati na akaiangalia. Hakuipokea, lakini aliiangalia. Na kulikuwa dada moya wa elektrisite, mwembamba, sauti kadogo sawa anaongea mu kanisa, ku kura ya kwanza alipata moya. Ye alielezea namna alitumwa kutengeneza pompi, akazima kabati ya umeme, akatia kadena yake mutu asiwashe, akaandika jina yake juu ya kadena na funguo akaitia mu mufuko yake, na shefu wa zamu akakuja kumulalamikia eti banachelewa, ye akasema kadena itatoka nikimaliza. Alielezea na ile sauti yake kadogo, lakini mukono ulikuwa unaonyesha namna ya kuzungusha funguo. Akapanda mpaka 6. Mimi nilipata 2, asante kwa bale babili.

Siku ya pili mama hakukuwa, bakatuletea kijana moya wa kostimu ya bulu na biatu byenye muncha mulefu. Hapa njo naanza kulaumu. Alianza na kuandika ku tablo 7, 38, 55. Eti mu mawasiliano maneno ni 7% tu, sauti 38%, mwili 55%. Bantu bote bakaandika mu kaye. Mimi nikajiuliza, kama maneno ni 7, basi niingie niongee Kibemba mbele ya Muchina, nipate 93 juu ya 100? Na jana yake tuliona ule dada anapanda juu ya maneno yake. Usiku nikamaliza mega zangu kutafuta. Kumbe zile namba zinatoka kwa Albert Mehrabian, tafiti za 1967, na balikuwa banasikilizisha bantu neno moya moya banauliza kama ule mwenye kusema anapenda ao hapendi. Ni mambo ya hisia tu, na Mehrabian mwenyewe amesema zile namba zisitiwe ku maongezi yote. Kijana ananiuzia bintu byenye mwenye kubitengeneza amebikataa.

Kiisha akatupeleka nyuma karibu na choo, eti tusimame miguu wazi, mikono ku kiuno, kifua mbele, dakika mbili, eti mu damu homoni ya nguvu inapanda na ile ya uoga inashuka. Bantu bakubwa 14 tumejipanga pale sawa sanamu, na sentineli wa duka ya simenti anapita na ndoo anauliza kama tuko tunafanya sporti. Ile nayo nikaitafuta. Utafiti ulitoka 2010, Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap, bantu 42. Mu 2015 bengine bakarudilia na bantu 200, homoni hazikutingika, ilibakia paka mutu kujisikia ana nguvu. Mu 2016 Carney mwenyewe akaandika hadharani kusema haamini tena kama ile kitu ni ya kweli. Kama kusimama vile kunakutuliza, simama, sikatazi, lakini usikuje kunihesabia homoni.

Siku ya posho mama akarudi, Mungu asifiwe. Nitapita haraka ku zile za CV na mushahara na "mapungufu yako ni gani" (msijibu eti napenda kazi kupita kiasi, alisema kule ndani banachekaka mukitoka). Kitu kilinigusa ni "tu" na "ni". Mama alihesabu mu video yangu, nilisema "tulifanya" mara kumi na moya na "nilifanya" mara moya. Kwetu mutu mwenye kusema mimi, mimi, mimi, ni mujivuni, banamukimbia. Lakini mwenye kukuuliza hawezi kuandikia "tu" kontra, anataka kujua mukono yako ilikuwa wapi. Alinirudilisha hadisi ya gan zenye zilipotea mara ine. Ya kwanza nilisema: tulihesabu, tukaona pari 40 hazipo, tukapata shida ilikuwa wapi. Ya mwisho nilisema: nilihesabu mara mbili, nikachukua fishi ya stoki na kaye ya zamu ya usiku, nikaona bon moya (karatasi ya kutoshea bintu mu depo) imeandikwa 60 na bintu byenye bilitoka ni 100, nikapeleka kwa shefu, kiisha na batu ba zamu tukapanga bon zisainiwe na bantu babili. "Ni" fasi ilikuwa mimi, "tu" fasi tulikuwa bengi. Hakuna kujivuna mule, ni hesabu tu, na hesabu ni kazi yangu. Nilitoka pale nimekuwa mwepesi.

Siku ile ile saa sita kukaingia papa moya, sijue nani alimupatia ruhusa, anasema ye ana mulango ku mine moya upande wa Fungurume, dola 100 na dosie inapita. Mama alikuwa ameenda kula. Hii naitia hapa na herufi kubwa mu kichwa yenu: SANTRE YENYE KUFUNDISHA ANTRETIE HAIPASHWE KUINGIZA BANTU BA NAMNA ILE. Kijana moya alitoa namba yake, natumaini hakutoa feza.

Na kitu kingine, si kosa ya ile santre peke yake. Siku tatu tunafundishwa namna ya kukaa, namna ya kuangalia, namna ya kuongea, na bale benye kutuuliza, nani anabafundisha? Mu 1998 Frank Schmidt na John Hunter balikusanya tafiti za miaka 85 juu ya kuchagua bantu ba kazi, na baliona antretie yenye kupangwa, bakandida bote maulizo moya, note moya, inatambua mufanyakazi muzuri kuliko ile ya kuongeaongea tu. Ya kwangu ya pili, mwaka uliopita, papa aliniuliza ninatoka mukoa gani, nasali wapi, na kama namujua mutu fulani. Dakika kumi. Fishi ya stoki hakuigusa. Pale ata ungekaa sawa mufalme, mugongo yako ingemuonyesha nini juu ya kazi yako?

Bon, na matokeo. Majuma tatu kiisha ya formasio nikaitwa ku antretie ya tano, ku kampani moya ya sutretansi, kazi ya depo. Mvua ya usiku, njia ya kwetu ni matope tupu, nikaenda na ndala na biatu mu sashe, nikabadilisha mbele ya kufika ku mulango ya kampani. Sentineli wa pale alikuwa ananiona. Nikamusalimia muzuri, nikamuomba fasi ya kutupa gazeti yenye nilipangusia miguu, akanionyesha pipa. Mama alituambia bengine banaulizaka sentineli mutu aliingia namna gani. Sijue kama balimuuliza.

Mule ndani batatu. Mama wa personeli, shefu wa depo, na mugeni moya mwenye alikuwa anaandika tu bila kuinua kichwa. Zamani ule wa kuandika angeniua, ningefikiri nimekwisha kuanguka. Nikakaa mpaka mugongo ikagusa kiti. Shefu wa depo akauliza: usiku, shefu wa zamu anakuja anataka gan haraka, hana bon, anasema atakuletea kesho, utafanya nini? Nikamuambia ile ilinipata kweli kweli, si hadisi. Nilimupatia, sababu bantu hawawezi kutumika mikono wazi, lakini nilimusainisha mu kaye, saa na hesabu na jina, na asubui nikampelekea bon mimi mwenyewe asaini mbele ya kunywa chai. Na neno ya mwisho, "mbele ya kunywa chai", nikaimupatia mu uso. Akacheka kidogo. Yule mugeni akainua kichwa akaniuliza ile kaye ilikuwa na kolone ngapi. Tano, nikamuhesabia.

Macho yalinianguka ku meza mara mbili ao tatu, sitadanganya. Nilikuwa nayainua tena.

Balinichukua. Niko mu esai, ile muda ya kujaribiwa, ya miezi sita, ile njo mwisho wenye sheria ya kazi ya 2002 inaruhusu, donc tusubirie. Sitasema formasio njo iliniingizia kazi, pengine bakandida bengine siku ile balikuwa babaya, pengine ile ulizo ilikuwa tu ya kwangu. Lakini mara hii nilitoka mule bila kusahau kitu.

Kwa bale banataka kuenda: mama, 9 juu ya 10. Kijana wa bulu, 2, na ile 2 ni ya sauti yake muzuri. Fasi, 4. Fotokopi banakulipisha faranga 5000 juu ya dola 35 bila kukuambia mbele, na setifika ni dola 10 ingine, musiinunue, ku antretie yangu hakuna mutu aliiuliza. Kama muko na feza ya siku moya tu, muombe ya kwanza, ya kamera, saa ingine banakubali kwa dola 15 mukibishana kidogo. Na musizime video yenu, bakitaka kufuta mukatae, ni yenu.

Yangu bado iko mu telefone. Bibi yangu aliiona, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile nikirudi ku kazi nimechoka nakula bukari kichwa chini bila kusema neno, kale kasichana ketu ka mwisho kananiuliza ngambo ya sahani, "Papa, uko unasemesha meza?"